Mahadhi ya Fungu la Mwisho

Ugonjwa wangu hakuugundua daktari. Aliugundua mwanangu Salma, kwa vidole viwili, sebuleni kwetu Al Nahda, Dubai, Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana. Alikuwa ameviweka kooni pangu nami naimba. Akaniambia, "Mama, nyamaza kidogo. Hapa kuna kitu."

"Kitu gani? Imba, usitafute visingizio." Nilidhani anakwepa somo. Salma huyo tangu mdogo ukimwambia kaa, anasimama.

"Mama, kuna kidonge. Kigumu."

Nikajipapasa. Kweli kilikuwepo, chini ya taya upande wa kushoto, kadiri ya punje ya kunde. Na sauti yangu ilikuwa inakwaruza miezi minne mizima, mie nikawa nailaumu eisi ya dukani. Nina duka dogo la kushona mabuibui kule Satwa, na fundi mwenzangu hapendi joto, huifungua eisi mpaka vidole vinakufa ganzi. Nikamtukana masikini miezi minne, kumbe hana kosa.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyekaa leo kwenye kiti cha hospitali, kakamata kikaratasi chenye namba, anasubiri kuitwa. Sitakwambia ule nini wala unywe nini. Walioniambia walikuwa wengi, na kila mmoja na mzizi wake. Nitakwambia yaliyonikuta, na kosa nililolifanya kwa akili zangu timamu, ili wewe usilifanye.

Kwanza nieleze kwa nini mtoto wa miaka ishirini na saba, mfanyakazi wa benki, alikuwa amemshika mama yake koo.

Babu wa bibi yangu alikuwa mtunzi, Unguja, karne ya kumi na tisa, enzi za masultani. Jina lake nalihifadhi; nyumbani tunamwita Babu Mtunzi. Aliugua ndui. Wakamfungia chumba cha uani siku arubaini, akatoka mzima lakini macho yamekwenda. Humo chumbani alitunga utenzi wa maradhi yake, mafungu mawili. Yeye akisema ndani, mkewe akiandika nje ya mlango kwa herufi za Kiarabu. Nakala ilikuwa hiyo moja. Haukupita muda akaja Mzungu mmoja aliyekuwa akizunguka mjini kukusanya maandishi, mtu wa adabu, anaamkia vizuri. Akaziazima zile karatasi kwa siku tatu. Siku ya pili meli yake ikaondoka. Mpaka leo.

Mkewe alitaka kuandika upya, Babu Mtunzi akakataa. "Hauandikwi tena," alisema. "Karatasi hupanda meli." Akatunga fungu la tatu, la kumuaga binti yake, akamfundisha yote matatu kwa mdomo. Na kwa kuwa haoni, akawa anavichukua vidole vya binti anaviweka kooni pake mwenyewe, aisikie sauti inapopanda na inaposhuka. Tangu hapo ndivyo tunavyofundishana.

Mafungu mawili ya mwanzo husomwa kwenye hauli yake, kisomo cha kumkumbuka, kila mwaka mwezi wa Rajabu, ukoo mzima umekaa. La tatu halisomwi mbele ya watu. Anapewa mtu mmoja kila kizazi, na hapewi mpaka ayamudu yale mawili bila kujikwaa hata mahali pamoja. Mahadhi ya fungu hilo ni mengine kabisa. Ukiyajua ya mwanzo, hujajua ya mwisho. Mie nilipewa na shangazi yangu, Mungu amrehemu, na tangu alipofariki, duniani kote aliyekuwa nayo ni mie peke yangu.

Sasa umeelewa nilivyoshtuka.

Ilikuwa mwezi wa tano, joto linaanza kuwa la kweli. Wakanitia kamera puani ikashuka hadi kooni, wakakata kipande, tukaambiwa tusubiri. Siku kumi na moja. Katika siku hizo nilishona mabuibui sita na kuyafumua manne, kwa sababu mikono haikuwa yangu. Tukaitwa. Daktari, kijana wa Kisyria mwenye kope ndefu, akasema ni saratani ya kwenye sanduku la sauti. Tiba ni mionzi, mara thelathini na tatu, kila siku ya kazi.

"Na sauti yangu?" nikamuuliza kwa Kiarabu.

"Inshallah," akasema, akaangalia kompyuta yake.

Mie nimeletwa Dubai nina miaka kumi. Naijua inshallah ya ndiyo na naijua inshallah ya hapana. Ile haikuwa ya ndiyo.

Ndani ya gari Salma akalia, akafuta uso, kisha akatoa simu. "Mama, imba sasa hivi. Yote. Hadi hilo la tatu. Narekodi."

"Hata!"

"Babu kakataza kuandika. Hajakataza kurekodi. Kurekodi si kuandika."

"Kinachoweza kutoka nyumbani kitatoka," nikamwambia. "Hiyo simu yako ikiibiwa? Hayo mawingu yenu mnakoweka mapicha, nani anayalinda? Weka chini."

"Mama, please."

"Salma. Nakukataza. Umesikia? Nakukataza kama mama yako."

Hata hivyo nilimpigia Ami Nassor, mdogo wake marehemu baba, ndiye mkubwa wa ukoo hapa. Nafikiri nilitaka aniruhusu, ili dhambi iwe yake. Akavuta pumzi ndefu kwenye simu. "Wosia ni wosia, Zuwena," akasema. "Wewe utapona. Mfundishe mtoto taratibu." Taratibu! Tulikuwa wawili tunaojiona tunalinda amana, na mwenye akili alikuwa yule tunayemwambia hana adabu.

Basi tukaanza. Salma aliomba ruhusa kazini kila mchana, akawa ananipeleka. Somo letu likawa ndani ya gari, foleni ya kutoka Al Nahda. Yeye mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia kooni pangu, nami naimba, naye anarudia. Akikosea nampiga kofi la paja. Wenye magari ya pembeni walikuwa wakitutazama, sijui walidhani ananinyonga.

Hospitali wakanitengenezea barakoa ya plastiki yenye matundu, ya uso na shingo. Unalala, wanakuvisha, wanaibana na meza, tak tak tak, hutingishiki. Wanatoka, mlango unafungwa, unabaki na mashine. Kuomba maji huwezi, kujikuna huwezi. Siku ya kwanza nililia humo ndani, na machozi yakaingia masikioni kwa sababu hayana pengine pa kwenda. Ukifika hapo, usione haya. Kila mtu hulia. Nesi wa Kihindi aliyekuwa akinivua alijifanya haoni, akanipa kitambaa cha karatasi bila kuuliza kitu, kila siku, mara zote thelathini na tatu. Sitamsahau.

Wiki ya kwanza ile ile, siku ya nne, nilifanya jambo ambalo halifanywi. Tulikuwa tunarudi nyumbani, nimechoka, naogopa kufa, nasema wazi. Nikajikuta naimba ubeti mmoja wa fungu la tatu. Mmoja tu, macho yangu dirishani. Nilijiimbia mwenyewe, kama mtu anavyojikumbatia. Nilipomaliza, Salma alikuwa amezima redio na ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Hilo ndilo lenyewe?" akauliza.

"Endesha," nikamwambia.

Kwenye chumba cha kusubiri nilikuwa nikikaa na Grace, Mganda, mlinzi kwenye mnara mmoja wa ofisi. Yeye uvimbe wake ulikuwa nyuma ya pua. Zamu yake ilikuwa kabla ya yangu, akiitwa ananipisha kiti kikiwa bado na joto lake. Kiswahili chake alikitoa jeshini kwao, kimenyooka, hakina mzaha. "Mama, kunywa maziwa," ananiambia. "Mama, wewe unaongea sana. Hiyo shingo itakasirika." Yeye Mkristo, mie Muislamu, tukaombeana kila mmoja kwa Mungu wake yule yule. Nilipofika mara ya kumi na tisa, kiti kilikuwa tupu. Nikasubiri. Ya ishirini, tupu. Nikamuuliza nesi, akatazama chini: viza yake imekatishwa, karudishwa kwao. Tiba yake ilibakia mara nane. Nilimpigia, simu haikuita. Mpaka leo sijui habari zake, na hakuna mlango ninaoweza kugonga.

Baada ya hapo mwili ulianza kugeuka. Ngozi ya shingo ikawa nyeusi, ikabanduka. Mate yakawa mazito, ladha ikaondoka. Biriani na pamba zikawa kitu kimoja. Nilikonda mpaka pete ya marehemu mume wangu ikaniponyoka bafuni. Na sauti ikawa inakatika. Mwanzoni nilimpa Salma beti kumi kwa safari moja, kisha tano, kisha mbili. Fungu la pili lina sehemu moja ngumu, pale Babu anaposimulia macho yalivyoondoka, na Salma alikuwa anajikwaa hapo hapo kila siku.

"Tuliruke," akasema siku moja. "Nipe la tatu, hili nitalimalizia baadaye."

"Hairukwi."

"Mama, sauti yako inaisha! Huisikii?"

"Hujaimudu. Rudia."

Akakanyaga breki, tukasimama pembeni mwa barabara taa za hatari zinawaka. "Yote hii kwa ajili ya mtu aliyekufa karne nyingine," akasema. "Mie nakutaka wewe. Simtaki yeye." Nikamjibu neno baya ambalo siliandiki. Siku mbili hatukusemezana, na mkono wake haukuja kooni pangu.

Aliimudu siku ya thelathini ya mionzi. Beti zote za mafungu mawili, bila kosa, bila pumzi mbaya. Nikataka kumpigia vigelegele, ikatoka hewa tupu. Daktari alikuwa ameshaniamuru nisitumie sauti, koo lote kidonda. "Ngoja upone," Salma akasema, kwa upole sasa. "Tumeshafika. Tutasubiri." Nikakubali. Si ndiyo utaratibu? Kwanza yale mawili, kisha la tatu. Niliufuata utaratibu mpaka mlangoni pa kaburi la hilo fungu.

Miezi ya baridi ikaingia, ile miezi mizuri ya Dubai watu wanapokaa nje. Mie nilikaa ndani na bakuli la supu. Sauti haikurudi, ikabaki mnong'ono. Mwezi wa kumi na mbili wakapiga picha nyingine. Yule Msyria akaja na mkubwa wake, na walipoingia wawili nikajua. Mionzi haikuumaliza uvimbe. Sanduku la sauti litolewe lote. Nitapumua kwa tundu la shingoni.

"Khalas? Ndiyo basi?" nikanong'ona.

"Utaishi, Mama," akasema yule mkubwa. Ameniita Mama, Mwarabu mtu mzima. Nikajua ananihurumia.

Nililazwa siku nne kabla ya upasuaji. Hapo ndipo nilipomwita Salma akae kitandani, nikamwambia leo unapewa fungu la tatu. Nikamnong'oneza ubeti baada ya ubeti, naye akakamata haraka kuliko nilivyowahi kukamata mie. Siku ya tatu maneno yote alikuwa nayo. Akaweka vidole kooni pangu.

"Sasa mahadhi," akasema.

Nikafungua mdomo. Sijui kama umewahi kujaribu kuimba kwa mnong'ono. Jaribu hapo ulipo. Hakuna kupanda, hakuna kushuka. Kuna hewa. Nilijaribu kwa pua, nikajaribu kukoroma, nikajaribu kupiga mluzi na midomo imepasuka. Salma anafuata, anakosea, nami natingisha kichwa, anajaribu tena, natingisha tena. Kwa vidole vyake hakukuwa na kitu cha kushika. Kichwani mwangu mahadhi yanaimba wazi kabisa, na sauti ilikuwa ya shangazi yangu. Siku yenyewe, saa mbili asubuhi, wakaja na kitanda cha magurudumu.

Sitaeleza upasuaji. Utaamka una mipira puani na shingoni, na utataka kumwita mtu, mdomo utafanya kazi yake yote na hakitatoka kitu. Hilo hakuna anayeweza kukuandalia. Lakini utazoea kuosha tundu, utazoea kulifunika ukioga, utajifunza kukohoa shingoni. Wakikupa kile kijitarumbeta cha umeme cha kubana shingoni, kichukue. Kinasema kwa sauti moja tu, kavu, watoto wa ndugu zangu wanacheka, nami nawaacha wacheke. Kununulia nyanya kinatosha. Kuimba hakiimbi. Nyumbani natumia kibao cheupe na kalamu ya kufutika.

Wiki ya sita baada ya kutoka, Salma alikuwa ananibadilishia kitambaa cha shingoni. Nikachukua kibao. Lilikuwa jambo nililolibeba tangu hospitali, naogopa kuliuliza. Nikaandika: *Ile siku garini, wiki ya kwanza. Simu yako ilikuwa hapo. Hukurekodi?*

Akasoma. Akaendelea kufunga kitambaa.

Nikaandika tena, herufi kubwa: *HATA KIDOGO? SITAKASIRIKA.*

Wallahi nilikuwa naomba. Nilimwomba Mungu mwanangu awe mkaidi kama siku zote. Huyu aliyevaa viatu nilivyomkataza, aliyesoma masomo niliyomkataza, aliyekataa wachumba watatu. Awe ameniasi mara moja tu zaidi.

"Ulinikataza, Mama," akasema.

Alikuwa ananitazama machoni. "Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nikasema, hapana, hili ni lake. Nikaiweka chini."

Nikamkumbatia. Ningefanya nini?

Rajabu ikafika, hauli ikawa kwetu, wanawake sebuleni na wanaume chumba cha pili. Salma akasoma mafungu mawili yote, mkono wake kwenye koo lake mwenyewe. Hakujikwaa hata pale pa macho. Ami Nassor alilia mpaka tukamsikia ukutani. Baadaye akaja akasimama mbele yangu, mzee wa miaka themanini na mbili, akasema, "Nisamehe, Zuwena. Ningekwambia imba, rekodi." Nikaandika kwenye kibao: *Mie ndiye niliyekuwa na sauti, Ami.* Akasoma, akaondoka, hakuaga.

Kwa hiyo wewe uliyeshika kikaratasi chenye namba: kama koo lako lina shaka, rekodi. Leo. Si lazima uwe na utenzi. Rekodi unavyomwita mwanao kula. Rekodi unavyogomba, unavyocheka, unavyosoma Yasini. Usingoje utaratibu, usimwulize mkubwa wa ukoo. Na anayekutunza akikwambia sauti inaisha, mwamini, yeye ndiye anayeisikia kwa nje.

Kila Ijumaa baada ya chakula, Salma alikuwa ananikalia mbele. Maneno anayo. Mahadhi alikuwa anayatafuta, kwa kumbukumbu ya ule ubeti mmoja wa garini. Anaimba, nami natingisha kichwa. Anapandisha, natingisha. Anashusha, nainua kidole, hapo, hapo, anakipata kipande, kisha kinampotea. Miezi saba. Alianza kukonda. Aliacha kutoka na wenzake siku za mapumziko. Nikamsikia jikoni anaimba huku analia, anaanza upya, anajitukana. Nilikuwa nikimtazama na kuona ninavyomwachia mzigo usio na mpini.

Ijumaa iliyopita alikuja na wimbo mwingine kabisa. Mzuri. Unapanda pale ambapo Babu hushuka, unakawia pale ambapo yeye hupita. Aliuimba hadi mwisho, beti zote, akafungua macho akanitazama, hata kuuliza hakuuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ndiyo yenyewe?" akasema. "Mama, ndiyo?"

Nikaitikia tena. Akaniangukia mapajani akalia kwa kishindo, nami nikamshika kichwa. Salma Kiswahili anakisema, kukisoma hana subira nacho, kasoma shule za Kiingereza. Iko siku labda atayasoma haya, nitakapokuwa sipo. Mwanangu, mahadhi yale hayakuwa yenyewe. Yafundishe hivyo hivyo.